Uongo Alioudhani Rehema

Wamesimulia wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Wasiti aliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Lubaba binti Nuaimu, mke wa mfinyanzi aitwaye Wahbu. Nyumba yao haikujaaliwa mtoto, lakini ilijaaliwa utulivu. Wahbu akirudi kutoka tanuuni alikuwa na ada ya kumwita mkewe kabla hajavua viatu, na Lubaba alipoitika alijiona ana utajiri kuliko wake wa maamiri.

Siku moja Wahbu alirudi mapema, asimwite. Alikaa mbali naye, mikono kaificha ndani ya joho.

"Lubaba, nimechoka kujilazimisha," akasema. "Nilikuoa kwa kumstahi marehemu baba yako. Mapenzi sikuwa nayo tangu mwanzo, na sasa hata subira imeniishia. Nimekuacha."

Lubaba alidhani hakusikia sawasawa. "Nimekukosea nini?"

"Hukunikosea. Sikupendi tu."

Akamwachia nyumba akae eda, yeye akaenda zake, na hakuna aliyejua alikoelekea. Eda ilipokwisha, Lubaba alihamia kwa kaka yake, Yaala. Alisali na kufunga kama kawaida yake, lakini kila jema alilolikumbuka lilimgeukia. Wito ule wa mlangoni aliuona sasa kuwa ni unafiki, na kicheko cha Wahbu kuwa ni uvumilivu wa mtu aliyebanwa. Akiinua mikono kuomba dua, aliwaombea watu wote; akifika kwake mwenyewe ulimi ulikuwa mzito.

Miaka ikapita. Akatokea Sinani, mchota maji aliyefiwa na mkewe, mtu mpole na mwenye dini, akamposa. Lubaba alimkataa, akamkataa tena. Mwishowe alikubali, si kwa furaha, bali kwa kuona haya kuendelea kumrudisha mtu mwema.

Siku chache kabla ya ndoa, Sinani alibisha hodi. Yaala akamkaribisha, na Lubaba akaketi nyuma ya pazia.

"Bibi," akasema Sinani, "Wahbu yu hai. Yuko kwa wakoma, nje ya ukuta wa mji. Nimekuwa nikimpelekea maji bila kumjua ni nani. Jana nilimtajia jina lako kwa furaha ya harusi, akalia. Siku ile tanuuni alishika chungu cha moto, ngozi ikaungua asihisi kitu, akajua ni ukoma. Alijua pia kwamba ukiambiwa hutamwacha. Basi akatafuta neno la kukufukuza. Ameniomba nikufiche habari hii. Sikumwahidi."

Lubaba akasema kutoka nyuma ya pazia, "Ungenyamaza, ningekuwa mkeo."

"Ningekuwa nimekuiba, bibi."

Lubaba akaenda kwa wakoma pamoja na kaka yake. Wahbu alikuwa ameketi kivulini, uso umefunikwa kwa kitambaa, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Nilikupenda, Lubaba. Nilitaka usalimike."

"Nisalimike na nini? Ungeniambia ukweli, ningekuuguza nikijua napendwa. Badala yake miaka yote hii nimesujudu nikijiuliza nina kasoro gani, hata mtu aliyelala ubavuni mwangu asinipende. Mapenzi yalikuwa yako na yangu, ukayaamulia peke yako."

"Nilidhani ni rehema."

"Rehema haikuhitaji uongo," akasema Lubaba. Kisha akalia, na alipomaliza kulia akasema, "Nioe tena, nikuuguze kwa halali."

"Utaambukizwa."

"Safari hii niulize mimi."

Wahbu akainamisha kichwa. "Ukiridhia, nimeridhia."

Lakini Yaala, ambaye ndiye aliyekuwa walii wake wa kumwozesha, alikataa. "Nakupenda, dada yangu," akasema. "Siwezi kukuozesha kaburi." Lubaba alimsihi kwa upole siku baada ya siku. Aliyemlainisha hatimaye ni Sinani, aliyekuja kumwombea ndoa hiyo na kujitolea kuwa shahidi wake.

Yaala aliporidhia, wakaenda kwa wakoma kufunga ndoa; walipofika, Wahbu alikuwa amekwisha kufa, amelazwa juu ya ubao kibandani, na wenzake wanateka maji ya kumwosha. Lubaba akawaomba wamwachie yeye.

"Wewe ni nani wake?" akauliza mzee mwoshaji.

Hakuna kati ya waoshaji aliyejua habari zake. Neno moja tu, "mkewe", lingemfungulia mlango. Yaala alimtazama.

"Aliniacha, na eda ilikwisha zamani," akasema Lubaba. "Kwa sheria mimi si chochote kwake."

Mzee akainamisha macho, akarudishia mlango. Lubaba akabaki nje akisikia maji yakimwagika.

Muda ulipopita, Sinani alimposa tena, mara moja tu. Lubaba akamjibu, "Wewe hukunidanganya, nami sitakudanganya. Moyo umekauka. Nikikubali, utaoa mtu asiyekuwepo." Sinani akamwombea heri, akaondoka. Hakuoa tena, wala Lubaba hakuolewa.

Ndugu zangu, Wahbu alipenda na Yaala alipenda, na hakuna kati yao aliyemtakia mama huyu shari. Sinani peke yake ndiye aliyemwachia haki ya kujua na kuchagua, naye alitoka mikono mitupu hapa duniani. Malipo yake yako kwa Mola wake. Tujihadhari tusiupambe uongo kwa jina la mapenzi. Tunajifariji kwamba tumejitoa mhanga, na anayechinjwa ni yule tunayempenda.