Mstari Mweusi Mgongoni mwa Punda

Hapo kale, punda wote walikuwa kijivu kitupu, kutoka masikio hadi mkia. Mstari mweusi mnaouona leo, ule unaofuata uti wa mgongo na kukatwa na mwingine mabegani, haukuwapo. Uliletwa na mkono wa mtu, na mtu mwenyewe aliona haya mpaka akaingia kaburini.

Alikuwa Mwanakheri binti Shee. Baba yake alipokaribia kufa alimwachia punda mmoja, Sahibu, na wasia mmoja: amsugue kila jioni kabla yeye mwenyewe hajala. Mwaka wa kwanza aliushika wasia. Wa pili akaona kila Ijumaa yatosha, kwani mnyama hasafiri mbali. Wa tatu akawa anangoja mwezi uandame, na tandiko akaliacha mgongoni bila kulifungua. Kila alipopunguza alimtazama Sahibu usoni, akamwona ametulia, akajiambia ameridhika. Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Laiti Sahibu angempiga teke moja tu, lingemzindua.

Lakini sifa ya nyumba ilibaki ile ya baba. Kwa hiyo jirani yake, Bi Tima, alipomwoza bintiye, alikuja kuomba aazimwe Sahibu ambebe bibi harusi. Mwanakheri alikubali, kichwa juu. Asubuhi ya harusi alimwosha punda uso, akamsafisha masikio, akampaka mafuta kwatoni. Mwisho akafungua tandiko. Chini yake manyoya yalikuwa yamenyonyoka, na kidonda kilifuata uti wa mgongo, kikakata kulia na kushoto mabegani, pale mkanda ulipopita. Inzi walikuwa na habari zamani.

Vigelegele vilishafika mlangoni. Mwanakheri alikomba masizi ya chungu, akayachanganya na mafuta ya nazi, akapaka kidonda chote na kukifunika kwa leso mpya. Aliona aibu, ila aliogopa macho ya watu kuliko maumivu ya mnyama.

Njiani jua likakaza, mafuta yakayeyuka, na weusi ukatiririka kwenye nguo za bibi harusi. Msichana akashuka, akainua leso. Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Bi Tima hakupaza sauti. “Mwanangu, punda huyu humsugua mara ngapi?”

Mwanakheri akajibu, “Panapoonekana, kila mwezi ukiandama, mama. Pasipoonekana, nimesahau ilikuwa lini.”

Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimchoma zaidi. Bibi harusi alikwenda kwa mumewe kwa miguu. Mwanakheri akamrudisha Sahibu nyumbani, uso ameufunika kwa leso ileile chafu.

Alimwosha kwa maji ya chumvi siku arubaini, kila jioni kabla hajala. Kidonda kikapona, manyoya yakaota, lakini pale masizi yalipopita yaliota meusi. Na kila alipomwendea na kumbi la nazi la kumsugulia, alikuta Sahibu ameshajibwaga mchangani, anajisugua mwenyewe. Hakuwa akimngoja tena.

Na tangu siku hiyo punda huzaliwa na mstari ule, na akifunguliwa tu hujigaragaza mchangani bila kumsubiri mtu. Nanyi mkimwona mwenye punda akipitisha kiganja mgongoni kabla ya kutandika, hata akiwa peke yake, jueni anaikumbuka aibu ya Mwanakheri.