Vitovu vya Kindoro

Sogeeni, wenzangu, masikio yatangulie! Zimwi lilivamia kilima cha Kindoro, likawakataza wenyeji kulima.

"Ardhi hii ni yangu! Hameni kabla jua halijazama."

Mkunga Nambuta akacheka. "Baba Tumbo, kitovu chako kilizikwa wapi?"

Zimwi likajipapasa. Tumbo laini kama yai, halina kitovu!

"Vya wenzangu nimevizika mwenyewe, kimoja kimoja, hapa hapa," akasema Nambuta.

Akapiga ardhi kwa mchi: kichanga kikalia chini ya udongo. Akapiga tena: vikalia vichanga mia. Akapiga mara ya tatu: kikalia kilima kizima, sauti za wote waliowahi kuzaliwa pale.

Zimwi likaziba masikio, likakimbia, halikurudi.

Wenyeji wakapanda mtama hadi pale lilipokuwa likikaa.

Hadithi nimeizika hapa, anayeitaka achimbe.