Amana Aliyoikalia Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, masufuria na majirani wa kugombana nao, palikuwa na chemchemi chini ya mlima. Maji yake yalikuwa matamu, tena yalimtosha kila mtu. Yalimtosha, nasema, mpaka Nyati alipohamia.

Nyati hakujua kuchota. Alikuja na mwili wake wote, akajitupa katikati, pwaa! Akalala humo toka asubuhi mpaka jioni. Aliyetaka maji alipata matope. Aliyelalamika alionyeshwa pembe. Usicheke wewe uliyekaa nyuma; ungekuwepo ungekimbia wa kwanza.

Jirani wa karibu kabisa alikuwa Pimbi, mnyama mdogo asiye hata na mkia, aliyeishi na wanawe kwenye nyufa za mawe. Alikuwa na bustani ya mchaichai na mnanaa. Sasa mnanaa ulikuwa umelala chini, na watoto midomo imewakauka.

"Mama, kiu," walilia.

"Shoga yangu, hama," Kanga, jirani yake, akamshauri. "Mwenye nguvu mpishe."

"Nihamie wapi na watoto hawa? Bustani nimwachie nani? Sihami. Niazime mtungi wako mkubwa."

"Mtungi wa nini, na maji yenyewe hakuna?"

"Kesho njoo uwe shahidi wangu. Na tafadhali, usicheke."

Kesho yake jua lilikuwa kali hata mawe yalichoma miguu. Pimbi akateremka kwenye chemchemi na kifurushi cha majani makavu ya mgomba. Kanga akamfuata na mtungi kichwani.

"Hodi, Bwana Nyati!"

"Maji hakuna!"

"Sijaja kuomba maji, bwana. Nimekuja kukupikia chai."

"Chai? Kwa jua hili? Unataka nife?"

"Chai ya baridi. Ya maua mekundu ya choya na mchaichai, imetiwa nanasi, pasheni na asali, mnanaa unaelea juu. Ukinywa, kifua chenyewe kinasema aaah!"

Nyati akameza mate, gubu! Mate yalisikika mpaka ng'ambo.

"Itakuwaje baridi na imepikwa motoni?"

"Hapo ndipo penye kazi." Pimbi akafungua majani. Ndani mlikuwa na jiwe jeupe, kubwa kama boga, linalong'aa. "Shemeji yangu anayekaa kileleni ndiye ameniletea. Hii inaitwa barafu."

Kule bondeni hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho. Nyati akalilamba.

"Yalaa! Linang'ata!"

"Ndilo linalopoza chai. Shida ni kwamba mimi nitakuwa jikoni, na barafu hupotea upesi. Nilitaka nikuwekeshe amana, lakini kama ni kazi ngumu..."

"Ngumu kwa nani?" Nyati akanguruma.

Sasa mjue, kwa wanyama wa kule amana haikuwa mchezo. Ukishasema "nimepokea" mbele ya shahidi, kitu kikipotea unalipa kile atakachodai mwenyewe. Walikuwa tayari kusema uongo, kuiba mahindi na kusengenyana, lakini amana hawakuigusa.

"Likipotea, bwana, nitadai chemchemi," Pimbi akasema polepole.

"Ha! Dai hata mlima! Nimepokea!"

Kanga akakohoa kuficha kicheko.

"Nikwambie tu," Pimbi akaongeza, "shemeji hulifunga kwa majani makavu haya, akaliweka pangoni penye giza."

"Majani!" Nyati akayapiga teke, yakaruka huku na huko. "Majani yanamlinda nani? Mimi mlinzi hasa. Nitalikalia! Nione nani atakayelitoa chini ya tumbo langu."

Akatoka majini, maji yakimchuruzika. Akalala juu ya ile barafu, pale pale juani, akakaza macho.

Huku nyuma matope yakatulia, chemchemi ikawa safi kama zamani. Pimbi akachota, akawasha moto, akaanza kumenya nanasi.

"Bado?" Nyati akaita.

"Ndiyo kwanza maji yanachemka!"

Kidogo tena. "Bado?"

"Nimeepua. Nimetia choya na mchaichai, nimefunika vitoe rangi. Ukivichemsha sana vinakuwa vichungu, bwana!"

"Huku baridi inanifika mgongoni. Tena tumbo limelowa!"

"Jasho hilo. Ulinzi ni kazi."

"Kweli," Nyati akakubali, akajivuna. "Bado?"

"Naichuja, halafu naiacha kwenye mtungi ipoe. Barafu haitiwi kwenye chai ya moto. Subira!"

Harufu ya chai ikatembea. Wanyama wakaanza kujitokeza vichakani mmoja mmoja, pua mbele. Mwishowe Pimbi akaja akijifuta mikono.

"Chai tayari. Naomba amana yangu."

Nyati akainuka kwa maringo. Chini palikuwa na udongo uliolowa, basi. Akainua kwato hii, akainua ile. Akajipekua kwapani.

"Kanga! Umeiba!"

"Mimi? Nimekaa hapa juu ya jiwe, wote wananiona!"

"Ulisinzia, bwana?" Pimbi akauliza.

"Sijafumba hata jicho! Sijasogea!" Nyati akatazama udongo tena. Niwaambieni kweli, alitia huruma. "Hakuna aliyenipita, Pimbi. Na halipo."

Wanyama wote walikuwa wakimtazama. Angeweza kuinamisha pembe akawatawanya. Akainamisha kichwa tu.

"Nilisema nimepokea," akanong'ona. "Chemchemi ni yako."

"Basi karibu chai," Pimbi akajibu.

Akaingia kwenye ufa wa mawe wenye giza, akatoka na kifurushi kingine. Ndiyo, wanangu, shemeji alikuwa ameleta mawe mawili! Akaipondaponda barafu, kachu kachu, akaitia mtungini pamoja na matunda, akapamba na mnanaa. Akaonja yeye kwanza, kama impasavyo mwenye nyumba, kisha akampa Nyati bakuli la kwanza kumtuliza.

Nyati akanywa. "Aaah!" Kifua chenyewe kilisema. Akachungulia bakulini. Kipande cha barafu kilikuwa kikielea, kidogo, kikawa kidogo zaidi, kikawa hakipo.

Akatazama bakuli. Akatazama tumbo lake.

"PIMBI!"

Kanga alikuwa keshafika mtini.

"Naam, bwana."

"Mwizi... nilikuwa mimi?"

"Nilikwambia majani makavu na giza. Ukayapiga teke."

Kisha bega la Nyati likatikisika, mara la pili, mara akaangua kicheko kilichoangusha mawe mlimani, gudu gudu gudu! Akanyoosha bakuli.

"Niongeze."

"Panga foleni, bwana. Wanangu wana kiu tangu juzi."

Na Nyati, pamoja na pembe zake zote mbili, akaenda kusimama nyuma kabisa, nyuma ya Kanga, akashika bakuli lake kwa adabu.

Wanangu, asiyekubali kuelekezwa hupotewa hata na kitu alichokikalia.