Kibuyu Kilichomkosa Tiriri

Aliyekwenda kisimani kuteka maji, hana kwao?

Swali hilo liliulizwa mchana kweupe mbele ya ndege wote, na hakuna aliyelijibu. Hakuna! Haya, sogeeni motoni mlisikie lilikotoka. Paukwa!

— Pakawa!

— Kibuyu?

— Kina tundu!

— Basi mwaga tuhesabu!

Hapo kale, katika msitu wa mlimani, palikuwa na ndege mdogo wa rangi ya majani makavu. Jina lake Tiriri, na waliomjua ni wachache. Alitaga katika tundu la mti wa mkulo, tundu alimototolewa mama yake, na bibi yake kabla ya mama. Kipupwe kikija na baridi yake, wadudu wakiadimika, Tiriri hushuka msitu wa bondeni. Joto likirudi, hupanda kwao kutaga. Kushuka, kupanda, kushuka, kupanda.

Mwaka mmoja, katikati ya kipupwe, Mzee Hondohondo, mkuu wa ndege mwenye mdomo mkubwa, akaleta kibuyu barazani. "Kila aliyepo adondoshe punje moja. Asiye na punje hana mti!"

Njiwa akadondosha, ta! Kigong'ota akadondosha, ta! Chozi akadondosha, ta!

"Tiriri yupo?" Kimya.

"Tiriri yupo?" Kimya.

"Tiriri yupo?" Kimya.

Hapo ndipo Chozi alipouliza: aliyekwenda kisimani, hana kwao? Ndege wakatazama kucha zao. Hondohondo akakiziba kibuyu.

Joto liliporudi, Tiriri akapanda mlima, mayai tumboni. Lahaula! Tundu lake limekandikwa udongo, umebaki ufa tu, na ufani umechomoza mdomo mkubwa.

"Hodi! Nani humo?"

"Mke wa Hondohondo. Naatamia, mwenzangu. Mume wangu kaniambia mti huu hauna mwenyewe."

"Hauna mwenyewe! Na mimi ni nani? Moshi?"

Akamfuata Hondohondo. Yule mzee akatikisa kibuyu sikioni mwake. "Punje yako iko wapi, binti? Nenda kwenu bondeni."

Tiriri akashuka mbio. Kwale wa bondeni akacheka mpaka akakohoa. "Sisi huhesabu wakati wa joto, mwanangu. Hatujapata kukuona hata mara moja! Huku u mgeni tu, rudi kwenu mlimani."

Mlimani wanasema ni wa bondeni. Bondeni wanasema ni wa mlimani. Na mayai hayangojei baraza.

Tiriri akapanda tena, akawaita ndege wote. "Mzee Hondohondo, sheria yako nimeikubali. Naomba jambo moja. Tuhesabu upya, leo hii, kwa kibuyu chako hicho."

"Hesabu utakavyo!" akacheka Hondohondo.

Wakadondosha, ta! ta! ta! Tiriri akawa wa mwisho, ta! Kisha akageuka.

"Mke wa Hondohondo yupo?" Kimya.

"Mke wa Hondohondo yupo?" Kimya.

"Mke wa Hon—"

"Yumo tunduni!" akaruka Hondohondo. "Nimemkandika mwenyewe! Manyoya ya mbawa yamempuputika, atatokaje? Kwani asiyeonekana ndiye hayupo?"

"Rudia, Mzee," akasema Tiriri. "Wa nyuma hawajasikia."

Hondohondo akakificha kibuyu nyuma ya mbawa.

"Hana punje, atolewe!" akapaza sauti Kigong'ota, tayari kuubomoa udongo. Ufani kukatoka kilio chembamba. Tiriri akatua mbele ya ufa.

"Mwacheni. Mayai yake hayakushika kibuyu."

Akataga chini, kwenye mizizi ya mkulo uleule. Baraza likaamua: mwakani tundu ni la Tiriri, Hondohondo alishe viota viwili, cha juu na cha chini, na hesabu ya kibuyu ifanywe mara mbili kwa mwaka, kipupwe na joto, mlimani na bondeni. Ndiyo maana Hondohondo akiruka, mbawa zake zinahema vile. Bado hajapumzika, na mimi simwonei huruma!

Hadithi nimeifikisha, kibuyu nimekipindua. Ikiwa tamu, kuleni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Hondohondo. Asiyekuwepo siku ya hesabu si kwamba hayupo duniani.

Nawe uliyenisikiliza, nakuomba: ukimwona ndege mdogo usiyemjua, andika umemwona wapi na mwezi gani.