Siku Fisi Aliposhiba

"Mpo?"
"Tupo!"
"Masikio mmekuja nayo?"
"Mawili mawili!"
"Basi yategeni."

Hapo kale wanyama walikuwa na kituo chao cha maziwa, nao walikionea fahari. Kila asubuhi madumu yalipangwa foleni, kong! kong! kong! Mpimaji alikuwa Bi Pimbi, mdogo hata alisimama juu ya kigoda ndipo aonekane. Alichovya kijiti kwenye maziwa, akasubiri. Mistari miwili ikitokea, maziwa ni safi, pita. Mstari mmoja, ng'ombe amechomwa sindano ya dawa, mwaga, ngoja siku za dawa ziishe.

Hakufanya mchezo. Maziwa yale walikunywa watoto wa wote, na mtoto wa Bi Digidigi akionja dawa ile kidogo tu, midomo humvimba na pumzi humbana.

Asubuhi moja akaja Fisi na dumu begani. Ng'ombe wake alivimba kiwele juzi, akamchoma sindano. Kumwaga hakutaka.

"We kadogo, pokea maziwa!"

"Karibu, shemeji. Kwanza tupime."

"Nipimwe na wewe? Nakumeza bila kutafuna!"

"Utanimeza baadaye, shemeji. Kwanza tupime."

Fisi akapiga kigoda teke, Bi Pimbi chini, pu! Akanyakua boksi la vijiti, akalitia mdomoni. Kafu! Kafu! Gubwi!

"Haya, pima!"

Bi Digidigi akamkumbatia mwanawe. Kobe akakiinua kigoda na kukifuta vumbi. Bi Pimbi akapanda tena.

"Ahsante, shemeji. Vijiti hupima vizuri zaidi vikiwa tumboni. Sasa kunywa kikombe kimoja tu cha maziwa yako. Yakiwa safi, utanenepa. Yakiwa na dawa, mstari mmoja mwekundu utakuchora kutoka puani hadi mkiani, wala haufutiki."

Kikombe kikajazwa, chururu!

Fisi akatazama kikombe. Akatazama mkia wake.

"Mimi... nimeshiba."

Kituo kizima kikalipuka kicheko. "Fisi kashiba! Jamani, Fisi!" Nyani akagaagaa chini. "Tangu lini, bwana wee?"

"Umemchoma lini?" Bi Pimbi akauliza.

"Ju... juzi."

Bi Pimbi akaliinamisha dumu mwenyewe, mwaaa! Kisha akasema polepole, "Kumtibu ng'ombe umefanya vyema. Siku zikiisha, njoo, nitakupima wa kwanza."

Fisi akaondoka, mkia katikati ya miguu. Hapo Bi Pimbi akafungua kanga kiunoni, akatoa boksi la akiba.

"Kumbe ulikuwa nalo!" Kobe akashangaa.

"Ningelitoa, angelila na hili."

Foleni ikaendelea. Mistari miwili, pita! Mistari miwili, pita! Mtoto wa Digidigi akanywa mpaka akaota masharubu meupe, na Bi Pimbi juu ya kigoda akajiona mrefu kuliko Twiga.

Hapo ndipo ulimi wangu ulipofika. Aliyesinzia asimuliwe na jirani yake. Na fundisho ni hili, wanangu: anayetaka kudanganya watu, azoee kukataa chakula tangu utotoni. Ninyi malizeni uji wenu.