Hodi Tatu za Mama Paa

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa ua!
Ua wa nini?
— Ua wa miiba!

Basi kaeni vizuri, na anayetaka kusinzia aende kwao, maana hii siirudii.

Hapo kale wanyama wa Bondeni walikuwa na desturi moja, wakiitunza kama mboni ya jicho. Mgeni akifika hupiga hodi. Akijibiwa karibu, ni wa nyumbani. Akipiga hodi tatu bila jibu, hugeuka akaenda zake, wala hanuni. Bawabu wao alikuwa Pimbi, kiumbe kidogo kisicho hata na mkia, lakini akili tele. Kila hodi aliijibu yeye, na aliionea fahari ile "karibu" yake kama jogoo anavyoionea fahari alfajiri.

Mwaka mmoja moto ukashika ng'ambo ya mto. Waaa! Wanyama wa huko wakaja mbio, leo wawili, kesho watano. Hodi! Karibu! Hodi! Karibu!

Bwana Kiboko hakupenda. Yeye ndiye mkubwa wa Bondeni, na bwawa lote alililalia yeye, blubu, blubu, wenzake wakinywa tope pembeni.

"Mnaona maji yanavyopungua?" akanguruma. "Ni hawa wanuka-moshi! Wanakunywa mno!"

"Lakini mzee, si wewe umeyalalia?" Kobe akauliza.

"Kumbe na wewe unanuka moshi?"

Kobe akaingiza kichwa ndani. Na wengine wakaanza kunusana. Asubuhi kunusana, mchana kunusana. Majirani waliokuwa wakiombana chumvi sasa wakawa wanazibiana pua.

Kiboko akaamuru ujengwe ua wa miiba. "Mnene, hata mwenye kifua kama changu asipenye!" Wakajenga. Ukawa mnene kweli, ila mfupi, maana Kiboko aliupimia kimo chake. Kisha akamgeukia Pimbi.

"Na wewe bawabu, sitaki tena kusikia neno karibu."

"Tunawafukuza, mzee?"

"Nani kasema kufukuza? Sisi ni watu wa heshima. Hatumfukuzi mtu. Hatujibu tu."

"Na nikijibu?"

"Utatoka na wanao wote, ukawakaribishe hukohuko nje."

Siku ya pili yake, jua la utosi, Pimbi akasikia kwato. Ti, ti, ti. Akachungulia miibani. Alikuwa Mama Paa, manyoya yameungua ubavuni, na mtoto nyuma yake.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe! Nina mtoto."

Pimbi akauma ulimi. Akawafikiria wanawe. Akautazama ule ua. Kwa paa, ua ule ni kitu gani? Ruka, akasema moyoni. Ruka, mama, wacha adabu, mimi nitasema sikuona.

Lakini Mama Paa alikuwa amelelewa. Hakuweza kuingia kwa watu bila kukaribishwa.

"Hodi," akasema mara ya tatu, kwa sauti ndogo.

Kimya.

"Hawapo," akamwambia mwanawe. "Twende, tusiwasumbue."

Ti, ti, ti.

Kulipokucha Pimbi akamwendea Kiboko bwawani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kaja?"

"Hakuna, mzee. Ila wanuka-moshi wameangusha matikiti huko nje. Makubwa! Nimeona vibaya kuyagusa, ni chakula cha wageni."

"Tikiti halina ugeni!"

Kiboko akainuka, blubu! Akatoka langoni, gudu, gudu, gudu. Nyuma yake lango likalia: kacha!

Akatafuta matikiti, akakuta mawe. Akarudi, akakuta pamefungwa. Akausukuma ua; miiba aliyoiagiza mwenyewe ikamchoma kifua.

"Fungua, Pimbi!" Kimya. "We Pimbi!" Kimya. Jua likawa linamkausha ngozi. Ikabidi aikumbuke desturi.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi! Ni mimi, mwenyewe!"

"Mwenyewe hapigi hodi," Kobe akanong'ona, na wenzake wakacheka huku wameziba midomo.

"Hodiii!"

Kimya.

Hodi tatu zikatimia. Kiboko akageuka, gudu, gudu, kwenda kutafuta nchi ya kuipigia hodi.

Bondeni ikawa shangwe. Wakajitupa bwawani, wakambeba Pimbi juu juu. "Mjanja! Mjanja!" Pimbi akajinasua, akafungua lango, akakimbilia mtoni.

"Karibu! Mama Paa, karibu! Karibuni!"

Akaita mara tatu, akaita mara kumi, mpaka sauti ikamkauka. Mchangani akaziona alama za kwato, kubwa na ndogo. Zilikuwa zimevuka mto, zikaingia kwenye majivu, na majivu yale bado yalikuwa na moto chini yake. Pimbi akatafuta za kurudi. Hazikuwapo.

Hila ile ile angeweza kuifanya juzi. Matikiti ya uongo hayangoji msimu.

Basi ngano yangu imefika mwisho wa njia. Mwenye mguu aendelee, mwenye sikio abaki nayo. Na kwa kuwa najua mnataka funzo, funzo ni hili: mlango ukifungwa vizuri, kuna amani. Kwani mmemsikia Mama Paa akilalamika?