Hodi Iliyowagawa Wasomaji

Kitabu ni kimoja, kila mtu hukisomea kwake. Mmemsikia shangazi yenu akiwaambia hivyo waliokuwa wakibishana kikaoni, nanyi mkataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Basi tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Huko Tukuyu kulikuwa na kikundi cha wasomaji. Kila mwezi walichagua riwaya moja, kila mmoja akaisoma nyumbani kwake, kisha wakakutana sebuleni kwa Mwalimu Sekela kuizungumzia. Miongoni mwao alikuwamo Tumpale, mama wa makamo mwenye duka la vitambaa. Alikuwa msikilizaji zaidi kuliko msemaji.

Mwezi mmoja walisoma riwaya ya mwanamke aliyewaacha wanawe kwa bibi yao, akaenda mbali. Baada ya miaka mingi anarudi, anabisha hodi, na kitabu kinaishia hapo hapo, mlango haujafunguliwa.

"Mngekuwa ndani, mngefungua?" Mwalimu Sekela aliuliza.

Wengine wote wakasema wangefungua. Tumpale akasema, "Mimi nisingefungua."

Watu wakaguna. Mzee Ambakisye, mstaafu wa posta ambaye wote walimheshimu, akatikisa kichwa. "Mwanangu, mzazi ni mzazi. Ukisema asifunguliwe, basi kitabu hukukielewa."

Tumpale aliaga kwa adabu, akaenda zake. Njiani maneno yale yalimchoma. Angeambiwa ana roho ngumu, angevumilia. Lakini kuambiwa hakuelewa? Alikuwa amekisoma na kukirudia, na kila alipofika kwenye ile hodi alikifunga kwanza. Aliwaza kujitoa kikundini. Kisha akajiambia kuwa akijitoa, neno la mzee ndilo litakalobaki. Akaazimia kurudi na kusema lililokuwa moyoni, hata kama sauti ingemkatikia njiani.

Mwezi uliofuata, kabla hawajaanza riwaya nyingine, aliomba nafasi.

"Baba," alimwambia Mzee Ambakisye, "kitabu kile nilikielewa. Mama yangu naye alituacha. Aliporudi, bibi alimfungulia, tukamchinjia kuku. Hakukaa. Aliondoka tena alfajiri, safari hiyo akamchukua mdogo wangu, niliyemlea mgongoni. Sijamwona mpaka leo. Kwa hiyo hodi ile ikipigwa, mimi sisikii mama anarudi. Nasikia mdogo wangu anachukuliwa."

Mzee Ambakisye alivua miwani, akaiweka mapajani.

"Pole, mwanangu," alisema. "Mimi kijana wangu Gwamaka aliondoka nyumbani, nami sijui aliko. Mtu akibisha, nasimama kabla sijajua ni nani. Nilikisoma kitabu kile nikiingoja hodi, wewe ukiiogopa. Nilikosea kukuambia hukuelewa. Unisamehe."

"Nimekusamehe, baba."

"Lakini mimi bado ningefungua."

"Nami bado nisingefungua."

Mzee akacheka kidogo, na Tumpale naye akacheka, machozi yakiwa yanamtoka. Mwalimu Sekela aliwatazama wote wawili. "Kumbe kitabu ni kimoja," akasema, "ila kila mtu hukisomea kwake."

Maneno yale yalitoka sebuleni yakaingia mitaani. Watu wakayatumia kwenye mambo ya posa, ya mashamba ya urithi, hata ya mahubiri ya Jumapili, popote wawili walipolitazama jambo moja na kuona mawili.

Tumpale hakukosa kikao tena, wala hakubadili jibu lake. Na mgeni yeyote kikundini akimwambia mwenziwe kwamba hakuelewa, Mzee Ambakisye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtuliza.

"Taratibu," alikuwa akisema. "Muulize kwanza anatoka wapi. Kitabu ni kimoja, kila mtu hukisomea kwake."